Kundi la Arobaini na Moja

Chumba cha vipimo, 4 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba anakusalimu, na anasema siku masikio yako yakipona atakupigia simu akuseme vizuri kwa kutotutembelea. Nikamwambia asisubiri masikio, achukue kalamu kama mimi. Ameahidi kuandika, nawe unamjua kwa ahadi.

Nimekikalia kiti chako tangu Jumatatu. Lile shimo la upande wa kushoto bado lipo, kwa hiyo nami nakaa mshazari kama ulivyokuwa ukikaa, na mtunza stoo ananiita "Shangazi Mdogo." Msimamizi alinikabidhi ufunguo na maagizo mawili tu: usiguse meza, usipumue. Lori likipita barabarani mistari yote kwenye hadubini inacheza, nami nakaa nikiisubiri itulie kama mtu anayembembeleza mtoto.

Unakumbuka ulivyonichorea kwenye mgongo wa bahasha, nikiwa darasa la saba? Chini sakafu ya chuma, juu yake utando wa kioo, na pale utando unapoishia pana ngazi ndogo ambayo jicho haliioni. Hadubini inatandaza mistari juu ya vyote viwili. Ikifika kwenye ngazi inaruka, na huo mruko ndio unene. Ukaniambia kwa mwanga wa kijani nafasi nzima kati ya mstari na mstari ni nanomita 273, na nikakuuliza nanomita ni nini, ukasema ukiigawa milimita moja mara milioni utaipata. Nilidhani unanitania. Halafu ukasema usiuamini mwanga wa kijani peke yake, kwa sababu humo mistari imevaa sare kama wanafunzi, huwezi kujua nani ni nani. Washa taa nyeupe, mmoja tu atakuwa mweusi kabisa, mfuate huyo uone anapokwenda. Basi mchoro ule wa bahasha ndiyo kazi yangu sasa.

Jambo lingine. Tunahamia chumba kipya, na nimeambiwa nisafishe kabati la mashahidi. Vile vipande vya majaribio vilivyoingia kwenye tanki la kupakia utando pamoja na kila kundi la visahani vya vifaa vya moyo, vyote vilivyozidi miaka mitano vitachomwa tanurini tarehe 26. Nimekuta bahasha ya kundi la 41 kwa mwandiko wako. Si ndilo la Baba? Nataka nikiangalie kipande chake kabla hakijachomwa. Nimesikia habari za kile kifaa cha moyo kila siku kwa miaka sita, sijawahi kuuona utando wake.

Wako,
Sindano


Nyumbani, 9 Juni

Sindano mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Msimamizi anakutisha bure. Pumua, ila pumulia pembeni, na chai usiingize mle ndani hata kama yeye anaingiza. Kile kiti usikubali wakibadilishe. Kikibadilishwa, kimo cha macho yako kitabadilika, na wiki nzima utakuwa unasoma vipimo vya ajabu.

Hapa naendelea. Jirani ananigongea mlango kwa kurusha vijiwe kwenye dirisha, maana kugonga sisikii. Ile pampu ya tanki ilinilia masikioni miaka ishirini na mitatu, sasa nimebaki na mlio wake tu. Wewe vaa vile vizibo vya masikio. Usijifanye shujaa.

Kuhusu kabati, choma. Hata hicho cha 41 choma. Utando wa baba yako hauko kwenye bahasha, uko kifuani mwake na unafanya kazi. Mtu haendi kutazama msumari wakati mlango unafunga vizuri. Una makundi mapya ya kupima, shughulika na hayo.

Msalimie baba yako, umwambie namsubiri.

Shangazi yako


Karakana ya viti, 10 Juni

Dada,

Shikamoo. Huyo binti amenishikia kiboko, ndiyo maana naandika. Kalamu ni ya mteja, na barua naandikia juu ya kochi ambalo halijavishwa kitambaa, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Kazi ipo. Mwezi huu nimevisha makochi tisa. Ila nina jambo nataka nikuambie wewe peke yako. Redio yangu ya kifuani imeanza kukatakata. Mara mbili wiki iliyopita nimeinama kupiga misumari, nilipoinuka dunia ikazunguka ikaenda, halafu ikarudi. Inachukua kama kuhesabu mpaka tano. Nikikaa, inapita. Labda ni umri, au ile gundi ya sponji ninayoinusa kutwa.

Sindano usimwambie. Ndiyo kwanza ameanza kazi, na kazi yenyewe ndiyo hiyo ya vifaa hivyo hivyo. Ataniamsha usiku kunisikiliza moyo kama alivyokuwa akifanya zamani. Nina miadi ya hospitali mwezi wa nane, nitasema huko.

Nakuambia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekipima. Wateja wangu wote wanajua: dada yangu alikipima kwa macho yake. Kwa hiyo sina hofu sana.

Mdogo wako,
Fundi Viti


Chumba cha vipimo, 14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Usinikasirikie. Nimekiangalia.

Nilikitoa kile kipande kwenye bahasha wakati wa chakula, watu wakiwa nje, nikakiweka chini ya hadubini. Mistari ikaruka upande usio wake, Shangazi. Badala ya kupanda ngazi ikashuka, kama vile utando ni shimo. Na iliruka kidogo tu, hata sehemu ya saba ya nafasi haifiki. Nikakigeuza, nikakisafisha kwa upepo, nikarudia mara nne. Shimo lile lile. Kwenye daftari wewe umeandika nanomita 355, sehemu tatu za kumi pamoja na nafasi nzima moja. Sheria inasema utando usipungue 300, la sivyo umeme unavuja kidogo kidogo mpaka kifaa kinaanza kuruka mapigo.

Nikajiambia mimi ndiye mgeni, kosa ni langu. Lakini akili haikutulia, nikaenda kwa mtunza stoo kuomba daftari la miaka ile, nikamdanganya kwamba natafuta namba ya balbu. Humo imeandikwa balbu ya taa nyeupe iliungua tarehe 4 Februari. Mpya ikapokelewa tarehe 21. Kundi la 41 ulilipima tarehe 12, na kwenye safu ya taa nyeupe umeweka alama ya vema kama siku nyingine zote.

Sijamwambia mtu. Nakuuliza wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha. Tarehe 12 ulitumia taa gani?

Baba hajambo, anakula vizuri. Jana alinipigia miluzi asubuhi yote.

Sindano


Nyumbani, 17 Juni

Mwanangu,

Kwanza nikugombeze, halafu tuongee. Ulikipaka upya madini ya fedha kile kipande, maana ya kwanza huwa tunaifuta tukishapima? Hukukipaka. Kioo kikiwa uchi, mwanga haugongi juu yake ukarudi, unazama ndani, unagonga chuma, unarudi umechelewa. Ndiyo maana ngazi imeonekana shimo. Ni lazima upake fedha juu ya vyote viwili, utando na sakafu, ili mwanga urudi kwa namna moja. Hilo ni somo la wiki ya kwanza, na kama ningekuwa karibu ningekufinya sikio. Usijaribu kupiga hesabu kutokana na ulichokiona. Kioo cha miaka ile hatukijui vizuri, na kipimo cha kukisia ni kibaya kuliko kutopima.

Na kukipaka fedha huwezi bila kujaza fomu. Fomu ikijazwa, kundi linafunguliwa upya na hospitali zinapewa taarifa. Utawatia hofu watu thelathini na sita, wagonjwa wa moyo, kwa sababu ya kosa la mwanafunzi. Fikiria hilo.

Kuhusu taa, nilikuwa na balbu moja ya akiba kwenye mtoto wa meza. Ndiyo niliyoitumia. Haikuwa ya stoo, kwa hiyo haimo daftarini.

Kirudishe kwenye bahasha.

Shangazi yako


Chumba cha vipimo, 20 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa na haya. Nilijaribu kipande kingine cha zamani bila fedha, nacho kikaonekana shimo, kwa hiyo ni kama ulivyosema. Na balbu ya akiba, mbona sikuifikiria? Hata mimi nimeshaficha moja kwenye mtoto wa meza, maana stoo yao ni ya kuomba leo upate mwakani.

Naomba radhi. Nimekushuku wewe, uliyekaa na Baba wodini siku kumi na moja bila kubadilisha nguo. Siku tatu nilikuwa nakula nikiwa nimemkazia macho kifua, mpaka akaniuliza kama shati lake lina doa.

Nimekitia kipande kwenye sanduku la kuchomwa pamoja na vingine. Kesho sanduku linapigwa lakiri. Usiku nitalala vizuri. Nisamehe, Shangazi.

Wako,
Sindano


Karakana ya viti, 21 Juni

Dada,

Jana nimeanguka. Si kuinama na kuinuka tena, nilikuwa nimesimama wima nampimia mteja kitambaa. Niliposhtuka nilikuwa sakafuni na mkasi uko chini ya mgongo wangu, na yule mteja, mama wa watu, ananipepea kwa kile kitambaa chake. Anasema nililala kama dakika nzima. Bahati mkasi ulikuwa umefungwa.

Nimemwambia Sindano nimejigonga kwenye fremu ya kochi. Ameniamini. Siku hizi mbili tatu amechangamka, anaimba jikoni, sitaki kumharibia.

Hospitali nimepita, yule kijana wa mapokezi akasema miadi ni mwezi wa nane na foleni ni foleni. Mimi sikutaka kubishana.

Dada, kile kifaa kinaweza kuchoka? Wewe ndiye unayejua. Niambie tu kwamba ni umri.

Mdogo wako


Nyumbani, 23 Juni

Sindano mwanangu,

Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi mkononi, akuletee mpaka getini. Isome ukiwa umekaa.

Usiache wakichome kile kipande.

Balbu ya akiba haikuwepo. Nilikudanganya. Tarehe 12 nilipima kwa mwanga wa kijani peke yake, na ile alama ya vema niliiweka kwa mkono huu huu unaokuandikia.

Nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Baba yako alikuwa wodini na daktari alishaniambia moyo wake unaweza kusimama siku yoyote, akiongea au akinywa maji. Vifaa vilikuwa vimekwisha hospitalini. Kundi la 41 ndilo lililokuwa linafuata kutoka kwetu, na halikuweza kutoka mpaka mimi nitie sahihi. Balbu ilikuwa imeungua na ya stoo ilikuwa bado wiki na zaidi. Nikakaa kwenye kiti chetu, nikasoma kwa kijani: mistari imeruka sehemu tatu za kumi. Kwa kijani hujui kama ni sehemu tatu tu au ni sehemu tatu na nafasi nzima. Ni nanomita 82 au ni 355. Hakuna cha katikati. Makundi arobaini yaliyotangulia yote yalikuwa na nafasi nzima. Nikasema na hili bila shaka ni hivyo hivyo. Nikaiongeza ile nafasi kwa kichwa, nikaandika 355. Siku mbili baadaye baba yako alikuwa ameshawekewa kifaa, anaomba uji.

Nilikusudia balbu ikija nipime tena. Ilipokuja, nikaogopa. Nilijiambia anaendelea vizuri, na wengine wanaendelea vizuri, kwa nini nichokonoe? Mwezi ukapita, mwaka ukapita, na nikastaafu nikapewa saa ya ukutani. Siku za mwizi ni arobaini, zangu zimekuwa miaka sita.

Ningeweza kuendelea kunyamaza hata sasa. Uliponiomba radhi nililia, na bado sikuandika. Lakini jana imefika barua ya baba yako. Hakujigonga kwenye fremu. Alizimia amesimama, dakika nzima, na kabla ya hapo mara mbili. Alinikataza nisikuambie. Navunja neno lake, kwa sababu ameniuliza kama kifaa kinaweza kuchoka. Sijui amebeba nini kifuani. Mimi niliyepima ndiye nisiyejua.

Karatasi ya pili ni ya msimamizi. Nimeandika yote na jina langu lipo chini. Ukimpa, hutakuwa na haja ya kujaza sababu nyingine kwenye fomu. Usinihurumie. Mpeleke baba yako hospitali leo hii, na huyo kijana wa mapokezi mwambie hutoki.

Shangazi yako


Chumba cha vipimo, 29 Juni

Shangazi,

Barua yako ilifika tarehe 24 saa nne asubuhi. Sanduku lilikuwa limeshapigwa lakiri na liko kwenye toroli kando ya tanuri. Nilimfuata msimamizi nikampa karatasi yako. Aliisoma amesimama, akavua miwani, akaisoma tena, akaniuliza kama najua maana yake kwangu na kwa baba yangu. Nikamwambia najua. Akavunja lakiri mwenyewe.

Kabla ya hapo Baba nilikuwa nimeshampeleka hospitali. Alikataa kupanda gari mpaka nilipomwambia kwamba umenieleza. Tangu hapo hajasema neno juu yako. Amelazwa, wamemfungia mashine ya nje ya kusukuma mapigo.

Sasa kipimo. Tulikipaka fedha kwenye tanki dogo, dakika arobaini. Nilivaa vizibo vya masikio. Msimamizi alisimama nyuma yangu, hakupumua kweli. Kwa kijani mistari iliruka sehemu tatu za kumi kamili, kama ulivyoandika. Jicho lako halikuwa na kosa hata la uzi.

Halafu nikawasha taa nyeupe. Ule mstari mweusi ulikuwa mmoja tu, hauna mwenzake. Nikaufuata kwa jicho. Ukafika kwenye ngazi, ukasogea sehemu tatu za kumi, ukaendelea na safari yake. Ile nafasi nzima haikuwepo. Nikasogeza kipande nikaufuata mahali pengine, na pengine, mara kumi na mbili. Nanomita 82.

Msimamizi akaenda kutafuta daftari la tanki. Siku ile ya kundi la 41 umeme wa tanki ulikatika katikati ya kupaka. Ulipowaka hawakuanza upya wala hawakurefusha muda, waliona kutawapotezea siku nzima. Pampu ilinyamaza karibu saa moja chumba cha pili, Shangazi, na wewe hukusikia. Ungekuwa na taa nyeupe ungeona kwamba nafasi nzima haipo.

Nimekuwa nikitafuta namna ya kukuandikia bila hasira, sijaipata. Nimekukasirikia. Si kwa tarehe 12 Februari, hiyo naielewa, hata mimi nisingejiamini. Nimekukasirikia kwa tarehe 17 Juni. Nilikuuliza wazi, ukanijibu kwa somo la fedha, somo la kweli, ukalificha la uongo ndani yake. Ukaniacha nikuombe radhi. Siku nne nililala vizuri huku Baba anaanguka karakanani.

Hospitali zimepewa orodha ya watu wote thelathini na sita. Baba atafanyiwa upasuaji Jumatano. Nitakuandikia akitoka, heri au shari.

Sindano


Karakana ya viti, 25 Julai

Dada,

Nimekaa wiki tatu bila kukuandikia, na Sindano amekuandikia mstari mmoja tu kwamba nimetoka salama. Nilimkataza asiongeze. Nilitaka niseme mwenyewe, na sikuwa nimejua nitasema nini.

Kifaa kipya wamekiweka. Sizunguki tena. Kile cha zamani hawakunipa, wamekichukua wao wakipime. Nina kovu jipya juu ya lile la zamani.

Nilikuwa na hasira nawe, na bado ninayo. Nikianza kukushukuru inaingilia, nikianza kukutukana shukrani inaingilia. Ungesubiri balbu huenda ningekufa. Hilo nalijua. Lakini kwenye lile kundi nilikuwemo na wenzangu thelathini na watano, na wao hawakuwa na dada kwenye chumba cha vipimo. Walipewa tu kilichotoka. Sindano ananiambia walioitikia wito mpaka sasa ni thelathini na mmoja. Watatu bado wanatafutwa. Wawili wamekwisha kufa. Mmoja wanajua alikufa kwa nini. Wa pili hawajui, na wamesema hawatajua.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Juzi nilikwenda kutolewa nyuzi. Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja mshonaji, yuko rika lako, naye wa kundi la 41. Tukaanza kuongea habari za mashine za kushona na vitambaa, mtu na mwenzake. Alisema mwaka jana alizimia mashine ikiwa inakwenda, sindano ikampita kidoleni, na tangu hapo mumewe amemkataza kushona. Mashine wameiuza. Halafu akaniuliza, si kwa ubaya, kama namjua aliyekuwa anapima vitu hivi.

Miaka sita, Dada, nimemwambia kila mtu aliyekalia kochi langu kwamba ni dada yangu. Hata wasioniuliza niliwaambia. Yule mama aliniuliza, nikamjibu, "Simjui."

Nikaitwa, nikatolewa nyuzi, nikatokea mlango wa nyuma ili nisipite tena mbele yake. Nimefika nyumbani nikashindwa kula. Sindano akaniuliza kama nina maumivu, nikamwambia ndiyo.

Hasira yangu itaisha ikitaka. Lakini sitaki nizoee kukukana. Yule mama anarudi pale hospitali Alhamisi ijayo, saa tatu, kwa kliniki. Mimi nitakuwepo. Njoo.

Mdogo wako,
Fundi Viti


Nyumbani, 28 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako imefika leo. Nimeshakata tiketi ya basi la Jumatano, na Sindano mwambie asije kunipokea kama bado moyo haujataka, njia naijua.

Alhamisi tutakaa benchi lile lile. Wewe usiseme kitu, nitajitambulisha mwenyewe.

Nakuomba jambo moja. Mchukulie yule mama daftari na kalamu, umpe kabla sijakaa. Masikio yangu unayajua, na hayo atakayoniambia sitaki linipite hata neno moja.

Dada yako